Flashi Bila Mkono wa Rosaline

Ingia nyumba yoyote kati ya Kitale na Kimilili, bora iwe ya watu waliofunga ndoa kanisani miaka kumi au ishirini iliyopita, ukatazame picha iliyo juu ya kabati. Utaona bwana harusi amevaa suti iliyomshinda mabega, na bibi harusi amebanwa na gauni la kukodisha hadi anapumua kwa zamu. Hayo yaache, usimcheke mtu na furaha yake. Tazama mwanga. Unatoka upande wa kushoto, juu kidogo, unamteremkia shavuni polepole, na upande wa pili unaacha kivuli kidogo cha heshima. Hakuna mpiga picha mwingine Trans-Nzoia nzima aliyeuweza mwanga huo, na Gathii mwenyewe hakuchoka kuwaambia watu hivyo, hata wale walioingia studio kuuliza tu choo cha ploti kiko wapi.

Kitu ambacho hakuwaambia ni kwamba mwanga haukuwa wake. Ulikuwa wa Rosaline, mke wake.

Kwa miaka ishirini na mbili kazi ilikuwa hivi. Gathii alishika kamera. Rosaline alisimama hatua tatu kushoto kwake, ameinua flashi kwa mkono, na kati yao ulining'inia waya mweusi wa kujikunja uliotoka kwenye kamera hadi kwenye flashi. Mtu mgeni angedhani mmoja wao anamchunga mwenzake, ila asingejua ni nani anayechungwa. Gathii akisogea, Rosaline anasogea. Gathii akichuchumaa, Rosaline anainama. Hawakuambiana kitu. Mkono ukimchoka, Rosaline alisema "ngojeni," na harusi nzima ikangoja, pamoja na mchungaji, mpaka abadilishe mkono. Wakifika nyumbani jioni, kabla hata hajavua viatu, alitoa betri zote kwenye flashi akazifunga kwa karatasi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao betri zilivuja zikaila flashi ndani, na tangu siku hiyo hakuwahi kusahau.

Halafu Wamboi akajifungua mapacha.

Wamboi ni binti yao, hawana mwingine. Ameolewa Bungoma na mwalimu mmoja mpole anaitwa Wabwile, mtu ambaye hata akikasirika unafikiri anaomba chumvi. Mapacha wakaja, Wamboi akalemewa, Rosaline akafunga begi moja.

"Miezi mitatu tu," alimwambia Gathii mlangoni. "Wakianza kukaa wenyewe, narudi."

Mapacha walikaa wenyewe. Wakatambaa. Wakatembea, wakavunja redio ya baba yao. Sasa wanakaribia miaka mitatu na wanajua matusi mawili, moja kwa kila mtoto, na Rosaline bado yuko Bungoma.

Ukitafuta aliyeharibu mambo hapo, utamkosa. Ni adabu iliyoyaharibu. Wabukusu, watu wa Wabwile, hawataki mama mkwe alale nyumbani kwa mkwe wake, na Wakikuyu, watu wa Gathii, pia hawapendi, kwa hiyo kwa jambo hilo makabila mawili yalikubaliana bila mkutano. Wabwile, kijana wa heshima, akamkodishia mama mkwe wake chumba kwenye ploti iliyo jirani. Gathii alisifu sana jambo hilo. Alitangaza sokoni Kitale kwamba amepata mkwe kamili. Hakufikiri kwamba mtu akilala kwenye kochi la watu, mgongo wenyewe utamkumbusha kwake, lakini ukimpa mlango wake na ufunguo wake, huyo umemjengea. Gathii alikuwa hodari wa mambo ya mwanga. Mambo ya vyumba yalimpita.

Kazi haikungoja. Harusi ya kwanza bila Rosaline, Gathii aliifunga flashi kwenye mti wa ufagio, ufagio akaufunga kwenye kiti, na kiti akakiweka hatua tatu kushoto. Kilisimama vizuri hadi wakati wa keki. Hapo shangazi mmoja wa bwana harusi, mama mkubwa wa mwili na mwenye haraka, alikanyaga ule waya. Kiti kikaenda, ufagio ukaenda, flashi ikaruka na kutua kwenye ghorofa ya pili ya keki. Picha ya tukio hilo ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote za siku hiyo, kwa sababu flashi iliwaka ikiwa hewani. Bwana harusi aliiomba awekewe kwenye fremu. Gathii alicheka na watu pale, akarudi nyumbani, akakaa na ufagio mapajani, na hakucheka tena.

Watu walimwambia, si kuna rimoti siku hizi, bana, flashi inawaka yenyewe bila waya. Gathii alijua. Alizijua kabla hao hawajazisikia. Alizikataa kwa sababu ambayo hakumwambia mtu: waya ule ulikuwa na mahali pa mtu mwishoni. Akinunua rimoti, ni kama kumwandikia Rosaline barua kwamba nafasi imejazwa.

Lakini waya nao ulichoka. Ulikatika kwa ndani, karibu na kichwa chake, wiki moja kabla ya harusi ya binti wa Kibiwott. Kibiwott ni yule mkulima wa mahindi wa upande wa kule juu, mwenye trekta mbili na sauti ya trekta ya tatu. Kanisa lake ndilo lililompa Gathii kazi nyingi kuliko yote. Harusi hiyo haikuwa ya kuchezewa.

Gathii akaenda kwa Jerono.

Jerono ni msichana wa mlimani aliyesomea mambo ya umeme chuoni, akafungua duka dogo la vifaa vya simu na kamera nyuma ya soko la Kitale. Ana bisibisi nyuma ya sikio na ulimi ambao hauna pahali pa kupumzikia.

"Sasa, Mzee Gathii. Leo umeamua kuingia duka la watoto?"

"Nimekuja kuangalia tu."

"Kuangalia ni bure. Mama Wamboi amerudi?"

"Anarudi."

"Lini?"

"Wewe unauza vitu ama unafanya sensa?"

Jerono akacheka, akapanga vitu vitatu juu ya kioo cha meza.

"Hii ya kwanza ni jicho," alisema, akainua kidude kidogo kama kifundo cha kidole. "Unaikalisha chini ya flashi. Ikiona flashi ingine imewaka, na yako inawaka. Unatumia ile flashi ndogo ya kamera yako kuishtua. Ni rahisi, hata haitaki betri."

"Ikiona flashi ingine gani?"

"Yoyote. Haichagui. Si umeona mbwa wa ploti? Mmoja akibweka, wote wanabweka, na hakuna anayejua mwizi ni nani." Akasukuma ya pili. "Hii ni ya miale, kama rimoti ya tivi. Lazima zionane uso kwa uso. Mtu akipita katikati, imekwisha. Ukiwa kwa jua kali, pia inapofuka. Sitakuuzia hii, nitakuwa nimekuibia." Akagusa ya tatu, ambayo ilikuwa vipande vitatu ndani ya boksi. "Na hii ni ya redio. Rimoti moja, risiva mbili. Rimoti ni mama, risiva ni watoto. Mama akisema, watoto wanasikia hata wakiwa nyuma ya ukuta."

Gathii aliishika ile ya redio. Ilikuwa nyepesi. Kwenye boksi waliandika mita mia moja.

"Na hii inakaa muda gani?"

"Hii ni ya kukaa, mzee. Ukiitunza, miaka kumi."

Ni neno hilo lililomchoma. Miaka kumi. Yeye alikuwa anatafuta kitu cha kushikilia wiki mbili tatu, mwezi hivi, Rosaline akimalizana na mapacha. Nani ananunua kitu cha miaka kumi kwa shida ya mwezi? Akairudisha kwenye boksi polepole, akaelekeza kidole kwa ile ya kwanza.

"Nipe jicho."

"Mzee, si nasikia ni harusi ya kwa Kibiwott? Kule kila mjomba atakuja na mpiga picha wake. Chukua redio."

"Nipe jicho, Jerono. Ni ya kushikilia tu."

Jumamosi, Gathii alifika kwa Kibiwott mapema, akasimamisha flashi juu ya stendi, jicho chini yake, akajaribu mara tatu, ikawaka mara tatu. Akajisifu kwa mpishi aliyekuwa karibu, kwamba siku hizi anafanya kazi na kompyuta. Kisha wageni wakaingia. Wajomba wa mama walikuwa wamekodisha mpiga picha wao kutoka Suam. Wajomba wa baba walikuwa na wao. Binamu mmoja aliyetoka ng'ambo alikuwa na kamera yenye flashi kubwa kama sufuria. Na kila mmoja wao akibonyeza, flashi ya Gathii ilimwitikia. Mtu akipiga picha ya ng'ombe nje ya hema, iliwaka. Mtu akipiga picha ya watoto wakila, iliwaka. Gathii akiinua kamera yake mwenyewe, flashi ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kuwahudumia wengine, iko hoi, inalia mluzi wa kujaza moto upya.

Keki ilipoletwa, betri zilikuwa zimekufa zote, pamoja na za akiba. Picha ya wazazi wa pande mbili, ile inayotundikwa sebuleni mpaka wajukuu wazae, Gathii aliipiga na kiflashi cha kamera. Nyuso zilitoka bapa kama sahani, na macho mekundu.

Mchungaji alikuja kuiona picha kwenye kioo cha kamera. Alitazama muda mrefu, kwa upole, na upole ndio ulioumiza.

"Gathii, mwanga wako ulienda wapi?"

"Bungoma," Gathii akamjibu.

Mchungaji alidhani ni mzaha, akampiga begani. Lakini Jumatatu karani wa kanisa alipiga simu. Alisema kuna harusi tatu mbele, na wazee wameomba kuona kwanza kama mambo yatakuwa sawa kwa ile inayofuata, baada ya wiki nne. Alisema kwa heshima sana. Gathii alishukuru kwa heshima sana. Halafu akakaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kupigiwa picha za kitambulisho, akampigia Rosaline.

"Mama Wamboi."

"Baba Wamboi. Umekula?"

"Nimekula." Alikuwa amekula githeri baridi, amesimama. "Kuna vitu nimeona hapa kwa Jerono. Za kuwasha flashi bila waya. Nilitaka kukuuliza nichukue gani."

"Uniulize mimi? Mimi ni fundi?"

"Wewe ndiye ulikuwa unashika."

Kwa nyuma mtoto alilia, mwingine akacheka kwa namna ya mtoto aliyemliza mwenzake. Rosaline akasema, "Toka kwa hiyo maji, wewe," kisha akarudi kwenye simu. Gathii akamweleza yote: jicho, miale, redio. Alieleza jicho kwa kirefu, akalisifu kuliko linavyostahili, na ile aibu ya kwa Kibiwott akairuka. Alitaka mke wake aseme neno moja tu. Aseme usinunue, ngoja. Alikuwa tayari kungoja hata kwa kurudia ufagio.

"Hiyo ya redio, haichoki?" Rosaline aliuliza.

"Haichoki."

"Inakaa?"

"Jerono anasema miaka kumi."

Gathii alisikia kuku wa mtu.

"Basi si ununue hiyo, Baba Wamboi," Rosaline akasema. "Hiyo ndiyo yako."

Kesho yake Jerono hakumtania. Ama alisikia ya kwa Kibiwott, maana Kitale habari haiombi nauli, ama aliona uso. Aliitaka flashi ya zamani, akaipima kwa kipima-umeme, akatikisa kichwa.

"Ni vizuri umeileta. Hii flashi yako ni ya mababu, inatema umeme mwingi hapa chini. Ungeifunga kwa risiva ya bei ya chini, ingeichoma siku hiyo hiyo, na pengine kamera pia. Hii hapa inavumilia. Na usipite spidi ya mia mbili kwa kamera, ama bibi harusi atatoka nusu yake imekatwa na giza. Na ubadilishe chaneli, usiache ya kwanza. Kila mtu huacha ya kwanza, halafu mnawashiana flashi kama ile siku."

"Sitaacha."

"Na huu waya mfupi ni wa kuunganisha risiva na kamera. Kamera inakaa kwa stendi, wewe unaenda mbele unabonyeza rimoti ukiwa umeketi. Unaingia kwa picha."

"Mimi niingie kwa picha nifanye nini?"

"Si uko na picha na mama?"

Gathii akalipa, akachukua boksi lake. Alirudi studio akafungua makabati. Kulikuwa na harusi za watu mia ngapi huko ndani, ubatizo, mahafali, mazishi, ng'ombe walioshinda maonyesho ya kilimo. Yeye na Rosaline walikuwa na picha moja tu, ya harusi yao, iliyopigwa na mtu mwingine, na giza limewala mpaka kifuani. Baada ya hapo, hakuna. Yeye alikuwa nyuma ya kamera, Rosaline alikuwa nje ya picha. Katika miaka ishirini na mbili alimpata mahali tisa: viwiko saba, kivuli kimoja ukutani, na ncha ya kitambaa chake cha kichwa kwenye kona ya harusi ya watu wa Sirisia.

Mapacha walitimiza miaka mitatu Jumapili moja ya jua. Gathii alienda Bungoma na stendi mbili, kamera, flashi, na boksi la redio. Alikuwa amenyoa ndevu na kuchagua shati.

Sherehe iliisha mapema, watoto wakalala kwa kushiba soda. Rosaline alimchukua waende chumbani kwake akamchemshie chai. Ndiyo mara ya kwanza Gathii kuingia. Mara zote alizokuja waliketi kwa Wamboi. Aliona pazia la maua, limeshonwa kwa kipimo cha dirisha lile. Aliona sufuria nne, rafu, kalenda ya kanisa la hapo, na sare ya kwaya imetundikwa msumarini. Kitanda kilikuwa cha futi tatu kwa sita, cha mtu mmoja, kimetandikwa vizuri. Ufunguo wa mlango ulikuwa kwenye uzi shingoni mwa Rosaline, umelainika kama kitu kilichokaa hapo muda mrefu.

Mwanamke mmoja akachungulia mlangoni. "Kukhu, mazoezi ni saa kumi," alisema, akimwita nyanya kwa Kibukusu. Akamwona Gathii, akavuta leso vizuri. "Aa, una mgeni."

"Huyu ni Baba Wamboi," Rosaline akasema. "Nitakuja, Nakhungu. Mniwekee kiti."

Mgeni. Gathii alilimeza neno hilo na chai ya kwanza, vyote vya moto.

Nje ya chumba, penye kivuli cha ukuta, alisimamisha kamera na flashi. Rosaline alikuja na viti viwili, akaitazama ile stendi kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Kumbe umeniolea mke mwenza, na hukuniambia."

"Huyu hajui kupika."

"Na hasemi ngojeni."

"Hasemi kitu."

"Mwembamba hivi, anakula kweli?" Akaizunguka. "Lakini mwanga uko chini, Baba Wamboi. Utatutoa na mashimo ya macho. Mimi nilikuwa nashika hapa."

Akainua mkono wa kushoto kama zamani, bila kufikiri, kiganja wazi, kichwa kimeinama upande kidogo. Gathii alikuwa na stendi mkononi ya kupandisha. Hakuipandisha mara moja. Alimtazama vile alivyosimama, halafu akaleta kichwa cha flashi mpaka kikagusa kiganja chake, akakaza skrubu.

Wakaketi. Gathii akampa rimoti.

"Bonyeza wewe. Mimi nimebonyeza ya kutosha."

"Nikibonyeza nifunge macho?"

"Ukifunga, ni shauri yako, tutakutundika hivyo."

Picha ya kwanza walitoka kama watu wa kitambulisho. Ya pili Rosaline alicheka, na akabonyeza katikati ya kicheko chake mwenyewe, jambo ambalo mpiga picha wa miaka ishirini na mbili hawezi kulipanga. Mwanga ulitoka kushoto, juu kidogo. Gathii aliitazama kwenye kioo cha kamera, akajua kwamba hajawahi kupiga picha nzuri kuliko hiyo, na kwamba hata hiyo si yeye aliyeipiga.

"Utarudi lini, Mama Wamboi?"

Aliuliza akiwa amegeuka upande wa kamera, ili isiwe kama anauliza.

"Watoto wakianza shule."

"Wataanza lini?"

"Januari."

"Januari hii ama ile ya mwaka jana?"

Rosaline aliangalia mlango wa chumba chake. "Hukumaliza chai," akasema. "Imepoa sasa."

Gathii alifungasha polepole. Stendi, kamera, flashi, risiva mbili. Rimoti ilikuwa mfukoni mwa sweta ya Rosaline. Aliiona. Kamba yake ilikuwa inachungulia nje. Akafunga zipu ya begi, akaaga watu wote, rimoti akaiacha hapo hapo.

Sasa hapo usimwite msahaulifu. Hiyo ilikuwa akili ya Gathii, na njia nzima ya kurudi alijipongeza nayo. Rosaline anajua kazi. Anajua bila rimoti zile risiva ni mapambo. Anajua kuna harusi ya kanisa Jumamosi ya wiki ile, ile ya majaribio, Wamboi alikuwa amemwambia. Kitu cha kazi hawezi kukilalia. Atakileta. Akikileta, atafungua mlango wa nyumba yake, ataona vumbi, atasema "haiwezekani," atavua viatu ashike ufagio. Na akishika ufagio, nani atamtoa?

Kwa hiyo Gathii alifagia kidogo tu, aachie vumbi la kutosha. Alinunua sabuni ile anayoipenda. Shuka alifua. Kila jioni aliziwasha zile risiva mbili kuona kama ziko sawa, nazo zikakaa pale mezani zikipepesa taa nyekundu, zikimtafuta mama yao.

Jumanne Rosaline alipiga.

"Baba Wamboi, umeacha kidude chako kwa sweta yangu."

"Aii. Nimezeeka."

"Na si uko na kazi Jumamosi?"

"Niko nayo. Na bila hicho hakuna kazi."

"Pole. Usijali, nitapanga."

Nitapanga. Gathii alilibeba neno hilo siku mbili. Jumatano alimwambia jirani wa duka kwamba Mama Wamboi anakuja. Jirani akafurahi naye. Gathii alinunua nyama nusu kilo, kisha akarudi kwa muuza nyama akaongeza.

Alhamisi saa nane mchana simu ililia. Haikuwa Rosaline. Ilikuwa ofisi ya matatu, pale stendi ya magari.

"Mzee Gathii? Kuna kifurushi chako hapa kutoka Bungoma."

"Kimekuja na nani?"

Kijana wa ofisini aliona swali ni la ajabu. "Na dereva," akasema.

Rimoti ilikuwa ndani ya soksi ya mtoto, soksi ndani ya karatasi ya sukari, na karatasi imefungwa kwa uzi. Betri zilikuwa zimetolewa. Zilikuwa kando, zote mbili zimefungwa pamoja kwa kipande cha kalenda ya kanisa, vilevile alivyozifunga miaka yote. Kwa nyuma ya kipande hicho Rosaline aliandika kwa kalamu: *Ukimaliza kazi utoe betri. Usingoje asubuhi.*

Gathii alisoma amesimama hapo stendi, watu wakimpita na magunia. Aligeuza karatasi kuona kama kuna neno lingine. Upande wa pili kulikuwa na tarehe tu.

Studioni, upande wa kushoto wa pale anaposimamisha kamera, ukuta una alama nyeusi ya mafuta, ya bega. Ni hapo Rosaline alikuwa akiegemea foleni ya wateja ikiwa ndefu. Gathii aliipeleka stendi mpaka hapo, akaisimamisha, kisha akaiona inaziba ile alama. Akaivuta mbele hatua moja, ukuta ubaki. Akatia betri. Taa nyekundu za risiva zikawa kijani. Akabonyeza, flashi ikawaka kwa kiti kitupu.

Harusi ya Jumamosi ilienda vizuri, hilo lisiwe na mjadala. Flashi haikumwitikia mjomba wa mtu. Bibi harusi hakukatwa na giza. Wazazi wa pande mbili walitoka na nyuso zao kamili, na wazee wa kanisa waliotumwa kuchunguza walipitisha kamera kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, wakirudisha bila neno baya. Gathii aliwaambia kwamba Trans-Nzoia nzima hakuna mwingine. Walikubali.

Mchungaji akamfuata hadi kwenye begi lake.

"Naona mwanga umerudi kutoka Bungoma."

"Umerudi," Gathii alisema. "Umekuja na dereva."

Mchungaji akacheka na kumpiga begani tena.

Alifika nyumbani jioni jua likiwa bado kwenye mabati. Nyama ya Jumatano ilikuwa imeliwa na jirani na watoto wake. Sabuni ilikuwa bado kwenye karatasi yake. Gathii aliketi kitandani, upande wake, akainama kufungua kamba za viatu, akazishika, akaziacha. Akavuta begi karibu. Akatoa betri za flashi, nne, za rimoti, mbili, na za zile risiva. Akatafuta karatasi. Hakupata, akachukua kile kipande cha kalenda mfukoni, akakinyoosha gotini, akazipanga mbilimbili, akazifunga. Hakujua kukunja ncha kama Rosaline. Zilifunguka mara mbili.

Mara ya tatu zilishika. Hapo ndipo alipovua viatu.